Umeme Unaununua Siku ya Kulipia Nyumba

Dalali wa Goba anaijua kazi yake. Kabla hamjafika kwenye nyumba ameshakwambia kwamba lami ni mita mia mbili tu, maji ya DAWASA yapo, umeme upo, majirani ni watu wa maana, na kuna mteja mwingine anakuja jioni na fedha taslimu. Mkiingia getini anakupeleka kwanza sebuleni uone dari ya jipsamu yenye taa zilizojificha, halafu jikoni kwenye makabati, halafu chumba cha masta chenye choo chake ndani. Bei anaitaja mkiwa mmesimama kivulini. Na yote hayo anayapanga yafanyike saa tatu au saa nne asubuhi, kwa sababu saa hizo nyumba yoyote ya Dar es Salaam ina ubaridi wa kutosha kuuzika.

Mnunuzi naye ana maswali yake. Hati ipo? Kuna mgogoro? Tofali za inchi ngapi? Bati geji ngapi? Uzio ni wa kwake au wa jirani? Yote ni maswali ya maana. Swali ambalo halisikiki ni hili: nyumba hii inakula uniti ngapi kwa mwezi? Mtu huyohuyo akienda kununua gari la mtumba, kitu cha kwanza anachotaka kujua ni linatumia mafuta kiasi gani, na gari hilo atakaa nalo miaka mitano. Nyumba atakayokaa nayo mpaka wajukuu anaichukua bila kuuliza, kisha anaanza kugombana na watoto kuhusu taa ya varanda.

Taa ya varanda haina kosa. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka usiku kucha haifikishi hata moja ya nane ya uniti. Hebu tuseme kwa fedha: hata kwa bei ya juu kabisa ya majumbani, saa 12 za taa hiyo hazifiki shilingi 50. Kinachokula hela ni joto, na joto limeshaingizwa kwenye nyumba zamani, siku fundi alipochimba msingi na kuamua sebule iangalie wapi.

Hesabu ya LUKU

Wengi wetu tunajua kwamba umeme wa nyumbani una bei mbili, ila tunajifanya hatuoni pengo lililopo katikati. Mteja mdogo, yule wa kundi la D1, ananunua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja. Ukiongeza VAT asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, uniti inakuwa shilingi 122. Ndiyo ile 9,150 ambayo kila mwenye nyumba ndogo anaijua kwa moyo: uniti 75, basi. Akivuka hapo ndani ya mwezi, kila uniti ya ziada inapanda hadi 350, na pamoja na makato ni 427. Akizoea kuvuka, anahamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni 292 tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Na makato, shilingi 356.

Sasa chukua chumba kimoja kinachopigwa na jua la magharibi. Saa nne usiku ukuta bado una uvuguvugu, watoto hawalali, baba anakwenda Kariakoo anarudi na kiyoyozi cha BTU 9,000. Kikifanya kazi saa nane za usiku kwenye chumba chenye joto la aina hiyo, kitakula kama uniti tano. Kwa mwezi ni uniti 150. Pangaboi la wati 75 kwa saa hizohizo nane linakula uniti 0.6, yaani 18 kwa mwezi.

Ukitazama juujuu, utasema kiyoyozi kimeongeza uniti 150. Kimefanya zaidi ya hapo. Kama familia hiyo ilikuwa inatumia uniti 70 na kulipa 8,540, kiyoyozi kimeitoa kwenye kundi la D1, na zile uniti 70 za zamani, za friji, televisheni, pasi na taa, sasa zinauzwa kwa 356. Badala ya 8,540 ni karibu 25,000, kabla hujagusa umeme wa kiyoyozi chenyewe, ambao ni zaidi ya 53,000. Dirisha moja lililogeuziwa upande mbaya limepandisha bei ya kupiga pasi.

Hapo bado kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye ikapanda kuwa 1,500, na ghorofa zina kiwango chake kwa kila sakafu. Wapangaji walilalamika sana mwaka ule kwamba wanalipa kodi ya mwenye nyumba, na walikuwa na haki ya kulalamika.

Kuna pia suala la mita. Nyumba nyingi za Tabata, Sinza, Mbagala zinauzwa zikiwa na familia nne au tano kwenye mita moja. Mita hiyo haiwezi kukaa D1 hata wapangaji wote wakiwa mabahili kupindukia. Unaponunua nyumba ya kupangisha, hesabu mita kabla hujahesabu vyumba. Kuomba mita mpya mjini, kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, kuliwekwa shilingi 320,960 tangu Januari 2022, wakati kijijini ni 27,000. Nguzo ikiwa mbali, andaa fedha nyingine. Ndiyo maana "umeme upo" ya dalali inahitaji kufuatiwa na swali: upo wapi?

Jua linatoka wapi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, jua la saa sita linasimama utosini kabisa. Juni linaelekea kaskazini, Desemba linaegemea kusini kidogo. Maana yake kwa mwenye nyumba ni rahisi: kuta za kaskazini na kusini zinapigwa na jua lililo juu sana, ambalo upenu wa kawaida unalizuia. Kuta za mashariki na magharibi zinapigwa na jua lililo chini, linalopita chini ya upenu na kuingia mpaka uvunguni. La mashariki huja asubuhi, hewa ikiwa bado haijachemka. La magharibi huja saa tisa hadi kumi na mbili jioni, nyumba nzima ikiwa imeshashiba joto la mchana, na ukuta wa tofali za saruji unalipokea, unalitunza, kisha unaanza kulirudisha chumbani wakati mnapanga vyandarua.

Pepo nazo zinajulikana tangu enzi za majahazi. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali kuliko yote. Kusi inashika katikati ya mwaka. Nyumba ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, yenye madirisha upande wa kaskazini na kusini, inapata pepo zote mbili na inalikwepa jua baya. Haiongezi gharama hata ya mfuko mmoja wa saruji. Ni kugeuza ramani tu.

Lakini ramani hatuigeuzi. Kiwanja kikichongwa kando ya barabara inayokwenda kaskazini na kusini, nyumba zote za mtaa huo zinatazama barabara, nusu yake zikiwa zimeelekeza sebule na vyumba vya kulala magharibi. Sura ya nyumba lazima ionekane getini, na mgeni akipita aseme. Kwa hiyo ukinunua kiwanja kitupu, hasa kwenye maeneo yaliyopimwa kama yale ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kule Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingineko, angalia ramani ya mipango miji utakayooneshwa na ulize kaskazini ni wapi. Viwanja viwili vya bei moja, vikiwa vimetenganishwa na barabara tu, vinaweza kukupa nyumba mbili zisizofanana kabisa.

Kama nyumba imeshajengwa, usiende saa nne asubuhi. Mwambie dalali una kazi, utakuja saa kumi na moja jioni. Atalalamika kuhusu foleni, mwache alalamike. Ukifika, ingia chumba cha magharibi, weka kiganja ukutani kwa ndani, kisha nenda ukuta wa kusini ufanye hivyohivyo. Inua kichwa utazame dari: kama unahisi joto usoni bila kugusa kitu, juu yako kuna bati jeusi na hakuna kitu kati yako na hilo bati zaidi ya jipsamu.

Paa lililojificha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa kubwa la kizazi chetu cha wajenzi.

Kwa miaka ya karibuni mji umeingiwa na mapenzi ya nyumba za kuficha bati. Unajenga kuta, unazipandisha juu ya paa, bati linakaa ndani likiwa na mteremko mdogo, na kwa nje nyumba inaonekana boksi safi kama zile za kwenye simu. Mafundi wanaziita kontemporari. Zinapendeza kwenye picha, hilo silikatai. Ila tazama kilichoondolewa: upenu. Ile sehemu ya paa, sentimita sitini au tisini, inayotokeza nje ya ukuta, ambayo kazi yake ni kuutia ukuta kivuli na kuukinga na mvua, imekatwa ili nyumba ionekane ya kisasa. Matokeo yake kuta nne zinachomwa na jua tangu asubuhi hadi jioni, dirisha linalowa mvua ikinyesha ya upande, kwa hiyo linafungwa, na likifungwa hewa haipiti, kwa hiyo kinawashwa kiyoyozi. Msimu wa masika maji yanatuama kwenye mfereji wa paa uliojificha, yanapenya, na jipsamu inaanza kuchora ramani za rangi ya chai. Mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anapaka lami, mwaka unaofuata anaitwa tena.

Mimi ningemshauri mtu aliyependa umbo hilo aongeze vibaraza vya zege juu ya madirisha, au alipe gharama ya kupaua upya akijua anachokifanya. Wanaouza nyumba hizi wanazipandishia bei kwa sababu ya mtindo. Mnunuzi mwenye akili anashusha bei kwa sababu ya mtindo huohuo.

Rangi ya bati ni kisa kingine. Bati la kijivu cha mkaa au la maruni, lenye migongo mipana, ndilo linalotakiwa sokoni. Bati la rangi ya giza likipigwa na jua la saa saba linaweza kuvuka nyuzi joto 60. Bati jeupe, au lile la fedha la zamani ambalo sasa linaonekana la kimaskini, linarudisha sehemu kubwa ya mwanga juu lilikotoka. Kama tayari umenunua nyumba yenye bati la giza, huhitaji kulivua. Mambo matatu yanasaidia: kupaka rangi nyeupe ya mabati, kutandika karatasi ya alminiamu chini ya bati kwenye kenchi, na kuhakikisha ile nafasi iliyo kati ya bati na dari inapumua, kwa matundu kwenye kuta za pembetatu za pande mbili na chini ya upenu. Hili la tatu ni la bei ndogo kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa. Mafundi huyaziba matundu wakiogopa popo. Wavu mdogo unatosha kumzuia popo.

Anayedhani mambo haya ni ya Ulaya aende Kariakoo. Soko kuu alilolichora Beda Amuli miaka ya 1970 lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyoacha hewa ipite juu ya vichwa vya wauzaji na wanunuzi, watu maelfu, bila kiyoyozi. Mbunifu huyo alikuwa Mtanzania aliyelijua jua la hapa. Nusu karne baadaye tunazungushia vioo majengo ya Posta na kuyapoza kwa umeme kuanzia saa mbili asubuhi.

Madirisha ya alminiamu ya kusukuma nayo tumeyapokea bila kuuliza. Dirisha la aina hiyo likifunguliwa lote linafunguka nusu, kwa sababu kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Ukiongeza wavu wa mbu na nondo, upepo unaobaki ni wa kuombea. Yale ya vioo vya kulala, tuliyoyang'oa tukisema yamepitwa na wakati, yalikuwa yanafunguka karibu yote. Ukijenga mwenyewe, omba madirisha ya bawaba kwenye vyumba vya kulala. Fundi atasema si fasheni, utamlipa fundi huyohuyo akutengenezee.

Na miti. Kila anayehamia nyumba mpya siku hizi anaanza kwa kukata mwembe na kumwaga pevingi uwanja mzima, halafu anapanda miti ya ashoki kando ya ukuta, mirefu na myembamba isiyotia kivuli hata kuku. Pevingi zinapokea jua mchana na kulitema usiku, mita mbili kutoka dirishani. Mwembe uliokomaa upande wa magharibi ni mali. Ukiukuta kwenye kiwanja unachonunua, andika kabisa kwenye makubaliano kwamba muuzaji asiukate kwa ajili ya mkaa kabla ya kukukabidhi.

Lazima niseme kwamba yote haya ni ya pwani. Njombe au Makete mambo yanapinduka: Julai ukuta wa magharibi wenye joto la jioni ni neema, madirisha madogo ni hekima, na hita ya maji ya jua juu ya paa inarudisha gharama yake kuliko kitu kingine chochote. Dar es Salaam maji ya simtanki jeusi saa kumi jioni hayahitaji hita ya aina yoyote, tena mengine hayaogeki mpaka yapoe. Hata hivyo nyumba mpya nyingi zimefungwa hita ya bafuni ya wati elfu kadhaa kwa sababu mchoro ulitoka nayo.

Karatasi kabla ya kivuli

Hakuna mwembe utakaokuokoa kama kiwanja si cha muuzaji. Kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia, ya miaka 33, 66 au 99. Hati ikitajwa, usiridhike na kopi kwenye simu. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati uone jina, miaka iliyobaki na kama benki imeishika kwa mkopo. Leseni ya makazi, ambayo wengi wa maeneo yasiyopimwa wanayo, si hati. Ni ya muda mfupi na inahuishwa. Nyumba ya familia haiuzwi na mume peke yake; Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza, na mahakama zimejaa wanunuzi waliodhani mke alikuwa jikoni akiandaa chai ya kusherehekea. Mirathi ni mtego mwingine: omba uone uteuzi wa msimamizi wa mirathi, usikubali "mimi ndiye mkubwa wao."

Kwenye ofisi ya serikali ya mtaa utaambiwa kuna asilimia kumi. Mazoea hayo yameshakemewa, na muhuri wa mwenyekiti hauthibitishi umiliki hata ukiulipia. Unachokihitaji pale ni maneno ya majirani na ya mjumbe kuhusu mipaka. Kodi ya faida itokanayo na mauzo, asilimia 10, ni mzigo wa muuzaji, ingawa wauzaji wengi huisukumia kwa mnunuzi; ushuru wa stempu ni asilimia 1. Haya yaandikwe na wakili kabla fedha hazijatoka.

Halafu pima umbali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe au bwawa. Barabara kuu zina hifadhi yake. Mwaka 2017 watu wa Kimara hadi Kibaha walibomolewa nyumba kupisha hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na wengine walikuwa wameishi pale miaka mingi. Viwanja vya bondeni Msimbazi vinauzwa kwa bei nafuu kiangazi. Nenda Aprili.

Mita haidanganyi

Siku ya mwisho kabla ya kulipa, mwombe muuzaji anunue umeme wa shilingi elfu tano mbele yako, akutumie risiti. Hilo ni ombi dogo na hakuna muuzaji mwenye nia njema atakayelikataa. Risiti hiyo ina mengi kuliko zile tarakimu ishirini za tokeni: inaonesha uniti zilizopatikana, VAT, REA, EWURA, kodi ya majengo, na kama mita ina deni, deni linakatwa hapohapo. Gawanya kiasi cha umeme kwa uniti, utajua nyumba iko kundi gani. Deni la mita halihami na muuzaji. Linabaki ukutani likikusubiri.

Kisha mwambie azime kila kitu, hata friji, na mwende wote kwenye mita. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake imeandikwa inapepesa mara ngapi kwa uniti moja, mara nyingi 1,000 au 1,600. Kama kila kitu kimezimwa na taa bado inapepesa, kuna kitu kinakula: waya uliovuja, pampu ya kisima iliyosahauliwa, au jirani. Kwa mita ya 1,600, ukihesabu mipepeso 16 kwa dakika, hiyo ni uniti 0.6 kwa saa, zaidi ya uniti 14 kwa siku, huku nyumba imelala. Nimewahi kuona waya umetoka kwenye nyumba iliyokuwa ikiuzwa, umepita chini ya uzio, unawasha saluni ya nyuma. Muuzaji alishangaa sana, au alijifanya kushangaa. Mwenye saluni hakushangaa.

Ukishahamia, vyombo vyako ndivyo vinavyobaki kuulizwa, na cha kwanza ni friji. Friji ya mtumba iliyokuja na kontena inaweza kula uniti mbili hadi tatu kwa siku. Peke yake inaweza kumaliza zile 75 za D1. Ya kisasa yenye inveta, ya ukubwa wa kati, haifiki uniti moja. Dukani, funga mlango wa friji ukiwa umebana noti ya elfu moja kati ya mpira na bodi, uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umekufa na injini haitapumzika. Kenya wana kanuni tangu 2016 inayotaka friji zibandikwe lebo ya nyota, nyingi zaidi kwa inayokula kidogo. Mtu anasoma kabla ya kulipa. Hapa tunategemea noti ya elfu.

Jikoni ndiko penye habari njema. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na watu wakadhani habari ni mitungi ya gesi tu. Jiko la presha la umeme, lile la kufunga mfuniko na kubonyeza, linapika maharage kwa takriban nusu uniti, kwa sababu likishachemka linazima lenyewe na kubakiza joto ndani. Kwa mtu wa T1 hiyo ni kama shilingi 180. Kwa wa D1, kama 60. Mama lishe anayeunguza mkaa saa mbili kwa sufuria ya maharage anaujua uzito wa tofauti hiyo kuliko mchumi yeyote. Hofu ya umeme kukatika ipo, na ilikuwa na sababu wakati wa mgao wa 2023. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, tisa ya megawati 235 kila mmoja, ilipoanza kuwashwa Februari 2024, mgao wa aina ile umekoma, ingawa transfoma la mtaani linaweza kukuangusha siku mkate ukiwa kwenye oveni.

Sola nitaigusa tu. Watu wengi hununua paneli na betri ili kuendesha viyoyozi vya nyumba iliyojengwa vibaya, yaani wanalipia kosa lilelile mara mbili. Rekebisha paa kwanza. Mfumo utakaohitaji baadaye utakuwa nusu ya ule uliopigiwa hesabu na muuzaji.

Swali linalobaki ni kwa nini soko halilipi kwa mambo haya. Jibu liko kwenye ripoti ya mthamini. Benki ikimtuma kwa ajili ya mkopo, ataandika ukubwa wa kiwanja, idadi ya vyumba, vigae, geti, uzio, umbali hadi lami. Hana safu ya upenu, wala ya mwelekeo wa madirisha, wala ya uniti zilizotumika mwaka jana. Nyumba inayokula uniti 60 na jirani yake inayokula 260 zinatoka na thamani moja, wakati mwingine ile inayokula zaidi inapewa alama kwa kuwa na viyoyozi vitatu.

Kwa sasa hilo ni faida ya mnunuzi mwenye macho. Nenda Sinza, Kijitonyama au Mikocheni, kwenye viwanja vilivyogawiwa miaka ya 1970, utazame nyumba za zamani zinazouzwa kwa bei ya kiwanja tu. Zina upenu mpana, dari iliyo juu, madirisha pande mbili, mwembe uani. Dalali atakwambia usizijali, utabomoa ujenge ya kisasa. Muulize kwanza alete risiti za LUKU.